JUMATANO: Pilipili Katika Chakula cha Pamoja

Soma Warumi 14:1–4 na 1 Wakorintho 6:12. Je, Paulo anamwonya anayekula, asiyekula, au wote wawili?

Ukali wa pilipili si ladha. Kapsaisini iliyomo huamsha mishipa ya fahamu ile ile inayohisi moto, na mwili wa anayeila mara kwa mara huizoea. Basi anayetafuna pilipili kichaa bila kutoa jasho hana cha kujivunia, wala anayetokwa machozi kwa kipande kimoja si dhaifu. Hapa Msalato wengi wamekulia ugali wa uwele na mlenda. Ndugu aliyehamia kutoka Zanzibar amezoea mengine. Siku ya Sabato wote huketi mkeka mmoja.

Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, Ellen G. White alionya kwamba viungo vikali husumbua tumbo. Shauri hilo lilitolewa kwa ajili ya afya yetu. Si fimbo ya kumchapia jirani. Lakini wewe uipendaye, jiulize: ukiikosa pilipili, waweza kushukuru kwa chakula? Paulo alikataa kutawaliwa na kitu chochote.

Nawe unayepika siku ya maandalio, usiitie sufuriani. Iweke kando, ili mtoto na mwenye vidonda vya tumbo nao wale washibe.

Tafakari: Ni nani katika kundi lako hushindwa kula pamoja nanyi, naye hunyamaza? Mtamfanyia nini Sabato ijayo?