Vijana wa Kiboko, Msivuke kwa Kukisia

Wanangu na wajukuu zangu, ninyi mnaouza matunda kando ya lami, mnaobeba abiria kwa bodaboda na mnaovuka alfajiri kwenda shule, nipeni sikio. Barabara kuu ya Mombasa inapita mlangoni petu, nanyi mmeizoea hata mmeanza kuidharau. Akianguka mwenzenu, mnasema ajali haina kinga. Msemo huo uacheni. Barabara za Kenya huua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, wengi wao watembea kwa miguu na waendesha pikipiki, na vifo hivyo vina hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Kwanza jueni kwamba jicho hudanganya. Treila linalokujia uso kwa uso kutoka upande wa Makindu huonekana kama halisogei, kwa sababu umbo lake halikui machoni mpaka limeshakaribia. Kwa hiyo pimeni. Chagueni alama mbili zilizoachana mita 100, mkae mbali na lami, mhesabu sekunde gari linazotumia kutoka alama moja hadi ya pili. Gawanyeni 360 kwa sekunde hizo, mtapata kilomita kwa saa. Sekunde 7.2 ni kilomita 50, kikomo cha sheria katika vituo vya biashara kama chetu. Sekunde 4.5 ni kilomita 80, kikomo cha malori na matatu, ndicho waziri wa uchukuzi wa wakati ule, John Michuki, alichokisimamia kwa vidhibiti mwendo mwaka 2004.

Sasa jipimeni na ninyi. Kuvuka lami ya upana wa mita 7 kwa mwendo wa kawaida huchukua kama sekunde 6. Katika sekunde hizo, lori la kilomita 80 limekwisha kula zaidi ya mita 130, na gari dogo la kilomita 110 zaidi ya mita 180. Nanyi wa bodaboda, kasi ikiongezeka maradufu, nafasi ya kusimama kwa breki huwa mara nne. Anayekwenda 100 hawezi kusimama anaposimama wa 50, hata awe hodari vipi.

Wahandisi nao hupima hivyo hivyo, ila kwa vyombo. Hulaza mipira miwili myembamba kukatiza barabara. Gurudumu likiikanyaga, hewa husukumwa hadi kwenye kisanduku, na muda kati ya mpira wa kwanza na wa pili hutoa kasi. Pengine hufukia waya ndani ya lami, au hutumia rada. Makarani nao hukaa kando kwa siku 7, kwa kuwa siku ya soko si sawa na Jumapili, wakiandika magari madogo peke yake, matatu peke yake, malori peke yake. Hawatenganishi bure. Majaribio ya Illinois, Marekani, ya 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba uzito kwenye ekseli ukiongezeka maradufu, lami huumia takriban mara 16. Hesabu hizo ndizo huamua unene wa lami, upana wa barabara na mahali pa kujenga kivuko.

Kwa hiyo nawaonya. Mipira ile msiing'oe mkafungie mizigo ya pikipiki; anayeiharibu anapotosha hesabu ya barabara ya nyumbani kwao. Nawe utingo, usimsaidie dereva kuchezea kidhibiti mwendo ili muwahi Mombasa. Uhai wa mtoto wa mwenzako umefungwa humo.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Mpira ule hauhisi wayo wa mtoto. Ukihesabu magari peke yake, barabara hujengewa magari peke yake. Hesabuni basi watu wanaovuka hapa Kiboko, saa kwa saa, wazee kwa watoto, na mwandike kasi ya magari yanayowapita. Daftari hilo mlipeleke barazani kwa chifu, kisha kwa mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, mkaombe kivuko na matuta. Kilio bila hesabu hujibiwa kwa pole. Ninyi nendeni na hesabu.