Bahati na Jicho la Kuiona

Waingereza wana sifa moja ya ajabu, "serendipitous", wanayolipa jambo jema lililopatikana pasi na kutafutwa. Shina la neno hilo halikuota Ulaya. Ni Sarandib, jina ambalo Waarabu na Waajemi wa kale walikiitia kisiwa cha Sri Lanka, nalo limetokana na Kisanskriti Simhaladvipa, ambamo dvipa ni kisiwa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikanyaga Sarandib mwaka 1344. Neno basi ni la bahari hii hii.

Aliyelivika vazi la Kiingereza ni Horace Walpole. Katika barua ya tarehe 28 Januari 1754 kwa rafiki yake Horace Mann, alieleza kuwa amelitoa katika hekaya ya wana watatu wa mfalme wa Sarandib, ambayo kwa Kitaliano ilipigwa chapa Venice mwaka 1557. Wana hao walikutana na mtu aliyepotelewa na ngamia, wakamwuliza: je, si chongo, tena mwenye pengo, tena kiguru? Hawakupata kumwona. Waliona tu majani yaliyoliwa upande mmoja wa njia, ule wenye majani haba, mabaki yaliyotafunwa, na alama ya mguu ulioburutwa. Wakadhaniwa wezi, wakafungwa hata ngamia alipoonekana.

Je, mtu astahiki sifa kwa asichokikusudia? Wapo wasemao la: sifa ni ujira wa nia na jasho, na bahati haina mwenyewe. Lakini Walpole aliunganisha mawili, tukio la ghafla na wepesi wa akili. Mwaka 1928 kuvu liliingia bila ya kualikwa katika kisahani cha Alexander Fleming, na bakteria waliokuwa karibu nalo wakafa. Kuvu kuingia ilikuwa bahati. Kutazama kabla ya kutupa haikuwa bahati. Hata hivyo, Florey na Chain ndio walioongoza kazi ya kuifanya penisilini dawa ya kutibu watu, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 wakaigawana watatu.

Vivyo hivyo ambari itupwapo ufukweni: asiyeijua huiruka kama jiwe, aijuaye huinama.

Ila jicho hilo nalo limetoka wapi? Aijuaye ambari alionyeshwa na mzee wake. Wana wa Sarandib walisomeshwa na walimu waliochaguliwa na baba yao. Basi hata werevu wa kuitambua bahati una sehemu yake ya bahati. Hili haliondoi sifa, bali huitia deni. Aliyeokota anadaiwa shukrani na waliomfunza kuona, na hana haki ya kumcheka aliyepita njia ile ile mikono mitupu, kwani yamkini huyo hakupata wa kumwonyesha.