Nani Ana Haki ya Kukaa Gizani?

Kubandika karatasi nyeusi kwenye vioo vya gari ni kosa la faini tu, au ni kosa la kiutu? Najua wapo watakaocheka. Watasema hayo ni mambo ya trafiki na wenye magari, sisi wa kutembea kwa miguu yanatuhusu nini? Naomba mnivumilie kidogo. Mimi naona ndani ya kioo cheusi limo swali lililowasumbua watu kabla gari halijabuniwa: binadamu akijua haonekani, atabaki kuwa mwema?

Mgiriki Plato aliliuliza swali hili kwa kisa kijulikanacho kama pete ya Gyges. Mchungaji mmoja aliokota pete ndani ya ufa wa ardhi. Akiigeuzia ndani ya kiganja, haonekani. Akiigeuzia nje, huyo hapo. Haukupita muda jamaa alikwisha kumtongoza mke wa mfalme, akamuua mfalme mwenyewe na kukikalia kiti. Hebu tujiulize: tukipewa pete kama ile, nani kati yetu angeendelea kupanga foleni?

Hapa Singida pete hiyo inauzwa kwa mita. Fundi anaosha kioo kwa maji ya sabuni, anabandika karatasi, anaondoa mapovu kwa kipande cha plastiki, na baada ya muda mfupi mwenye gari ni Gyges.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mji wetu uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na aliyewahi kutoka Manyoni kuja Singida mchana wa mwezi Oktoba anajua jua la uwanda huu lilivyo. Mwenye ualbino hahitaji kuelezwa. Kwake kivuli ni kinga ya saratani ya ngozi. Tena katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa na kuuawa kwa sababu ya ushirikina, kutoonekana kwenyewe ni kinga ya uhai. Yuko pia dada anayeendesha usiku, asiyetaka kila mwanaume wa kijiweni ajue kwamba yuko peke yake. Hawa hawafichi uovu. Wanajificha wasidhuriwe. Kwa hiyo yule anayesema “asiye na hatia haogopi kuonekana” hajafikiri vya kutosha.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye macho. Barabarani tunazungumza kwa macho. Mama mwenye beseni la vitunguu kichwani, kijana wa mkokoteni, mtoto wa shule, boda anayetaka kukata kona, wote kabla ya kuingia barabarani wanautafuta uso wa dereva. Ameniona? Au anaongea na simu? Kioo cheusi kinamnyima mtembea kwa miguu sentensi moja tu, ila ndiyo aliyokuwa akiingoja: “nimekuona, pita.”

Na dereva naye anapoteza. Tuseme kioo cha gari kinapitisha asilimia 75 ya mwanga. Ukibandika juu yake karatasi inayopitisha asilimia 50, namba hizo zinazidishwa, na kinachobaki ni kama asilimia 37. Mchana wa Singida hutaona tofauti kubwa. Giza likishaingia, kwenye kipande cha barabara kisicho na taa, mzee wa baiskeli anakuwa kivuli. Halafu huyo mzee ndiye tutakayesema “alijitokeza ghafla.”

Ndiyo maana sheria za wenzetu zimeligawa gari vipande viwili. Uingereza, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1985, kioo kikubwa cha mbele lazima kipitishe angalau asilimia 75 ya mwanga, na vya ubavuni mwa dereva asilimia 70. Japani, zinakotoka Noah na IST zetu nyingi, vioo vya ubavuni mbele navyo havitakiwi kushuka chini ya asilimia 70, lakini vya nyuma vinaruhusiwa kuwa vyeusi, tena mara nyingi vinatoka kiwandani hivyo hivyo. Ukitafakari utaona falsafa humo. Anayekaa nyuma anaweza kujisitiri kwa sababu haendeshi kitu. Aliyeshika usukani ameshika na maisha ya watu wengine, kwa hiyo aonekane. Giza ni haki ya asiye na madaraka.

Kanuni hiyo tuipeleke kwenye Noah zinazobeba abiria kwenda vijijini. Kule nyuma abiria wanne wamekaa kwenye kiti cha watatu, mwingine kapakatwa, mwingine kainama juu ya ndoo ya kuku. Kioo cheusi kinamsitiri nani hapo? Abiria hajaomba kusitiriwa. Kinamsitiri dereva na tajiri wake, ili idadi isihesabiwe kutoka nje. Mwezi Mei 2014, baada ya mabomu kulipuka ndani ya mabasi kwenye barabara ya Thika jijini Nairobi, serikali ya Kenya iliagiza magari ya abiria yaondoe vioo vya giza. Wao walifundishwa na mabomu. Sisi tunaweza kujifunza kwa ndoo ya kuku.

Sasa nije kwenye ukaguzi, maana huko ndiko roho zetu zinakopimwa. Dereva mmoja mtu mzima, wa hizo hizo Noah, alinieleza bila kificho mambo yanavyokwenda. Ukaguzi ukikaribia, karatasi inabanduliwa. Mtungi wa kuzimia moto unaazimwa. Tairi kipara zinapumzishwa, zinafungwa za gari jingine. Stika ikishakaa kwenye kioo, kila kitu kinarudi kwao.

“Mwanangu,” aliniambia, “ukaguzi ni kama mtihani wa darasa la saba. Ukishafaulu, nani anakuuliza tena?”

Nilimjibu, “Sawa mzee, lakini breki haina kalenda. Haijui kama leo ni siku ya ukaguzi au siku ya mnada.”

Akacheka. Mimi nilikuwa sina mzaha. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe salama linapotumika barabarani, yaani kila siku linapotumika. Mkaguzi ni macho tuliyoyaazima sisi abiria, kwa kuwa wenyewe hatuna utaalamu wa kuinama uvunguni na kutazama bomba za breki. Anayeyadanganya macho yale hakumdanganya askari. Askari atakwenda nyumbani kwake jioni na kula ugali wake. Aliyedanganywa ni mama wa vitunguu anayeiona stika na kupanda kwa amani. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huku kwetu mambo ni mabaya zaidi: mmoja anaficha maradhi, na kifo kinawachukua wengine kumi ambao hawakuficha chochote.

Mzee yule hakukubali kushindwa. Akaniuliza, “Na mashangingi yanayopita hapa, vioo kama usiku wa manane, yanasimamishwa na nani?”

Hilo ndilo swali lenye uzito, na nasikitika kwamba watu wengi wakilifikia hulitumia kama mlango wa kutokea. Wanasema: kama wakubwa hawakaguliwi, mimi dagaa nibandue ya nini? Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba mambo yamepinduka. Kwa kanuni tuliyoiona, kadiri mtu anavyobeba madaraka ndivyo anavyopaswa kuonekana, lakini kwetu kioo cheusi kimekuwa cheo. Kijana akipata gari la kwanza anabandika giza kwanza, mafuta baadaye, ili naye adhaniwe mtu mzito. Tumefika mahali ambapo kutoonekana ndiyo alama ya kuheshimika. Hilo si jambo la kuchekea.

Sisi wa mkoa huu tuna sababu yetu ya kutolichekea. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, alimiminiwa risasi akiwa ndani ya gari mjini Dodoma. Akapona kwa kudra za Mungu na kazi ya madaktari. Nchi nzima ikazoea msemo “watu wasiojulikana.” Sisemi karatasi ya kioo ndiyo iliyofyatua risasi. Nasema kwamba jamii inayozoea kupishana na magari isiyojua ndani yake yuko nani, na kuyapisha kwa heshima, inajizoeza kuishi na wasiojulikana. Tarehe 27 Aprili 2012 Mahakama ya Juu ya India ilipiga marufuku karatasi nyeusi kwenye vioo vya magari, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba magari hayo huwarahisishia wahalifu kazi.

Lakini nusu ya pili ya hoja ya mzee wangu haisimami. Dhambi ya shangingi haimponyi abiria wa Noah. Tairi kipara likipasuka kwenye mteremko wa Sekenke, halitauliza kwanza kama mkubwa fulani alikaguliwa. Anayetaka haki ya kuuliza “mbona yule haonekani?” aulize akiwa kwenye kioo cheupe. Akiuliza kutoka gizani, atakuwa analalamikia ukubwa wa giza la mwenzake tu.

Ningepewa nafasi ya kuweka kipimo, ningeweka hiki: mtoto wa darasa la tatu asimame mbele ya gari saa sita mchana na aseme dereva anamtazama au hamtazami. Akishindwa, gari lisipite. Ukaguzi huo ufanyike bila taarifa, siku yoyote, kwa Noah ya kijijini na kwa shangingi pia. Mwenye ualbino na anayeogopa kudhuriwa wapewe kibali kwa jina lao, wakae nyuma kwenye kivuli chao kwa amani. Hao wanalihitaji giza. Sisi wengine, tukiulizwa karatasi ile inatukinga na nini, tutajibuje?