Je, Kupunguza Kabati ni Sadaka?

Kila Shaabani inapoelekea ukingoni, hosteli za Kikoni na Wandegeya huingia msimu wa usafi. Magodoro huanikwa, makaratasi ya muhula uliopita huchambuliwa, na nguo zisizovaliwa hutiwa kwenye kavera na kuletwa kwenye sanduku la jumuiya yetu. Mimi ni mmoja wa wanaozipanga nguo hizo. Sina ugomvi na usafi wenyewe. Dini imeuhimiza, na chumba cha watu wanne kilichojaa vitu hata pa kutandika mswala hapapatikani. Swali langu ni jingine. Tunapoleta kile tulichokwisha kukichoka, je, tumetoa sadaka, au tumepata mahali pa kutupia?

Ndugu mmoja tunayesoma naye tafsiri alinijibu kwa dalili nzuri. Alisema katika Suratul Baqara, aya ya 219, Mtume (S.A.W.) aliulizwa watu watoe nini, na jibu likaja kuwa ni kilichozidi. Nguo nisiyoivaa imezidi, basi nimeitekeleza aya. Akaongeza kwamba mwenye baridi haulizi nia ya mtoaji. Sweta litampa joto lile lile.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Tena ina kiunga mkono: tumekatazwa kupoteza mali, na shati zima linaloozea chini ya kitanda ni mali iliyopotea. Lakini naona neno "kilichozidi" limetwishwa maana isiyo yake. Wafasiri wengi wamelieleza kuwa ni kile kinachobaki baada ya mtu kukidhi haja zake na za watu wake. Basi kinachotazamwa hapo ni haja ya mwenye mali, si ubovu wa kitu. Mwenye mashati sita akatosheka na manne, mawili yamezidi, na huenda hayo mawili ni mazuri kabisa. Shati lililochanika kwapani halikuzidi, limekwisha. Na sura hiyo hiyo, aya ya 267, inatukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Mafaqihi wamelizungumza jambo hili katika zaka ya mifugo. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh kwenda Yemen, alimtahadharisha asichukue mali bora za watu. Na katika maandiko ambayo Abubakar alimwandikia Anas kuhusu zaka, yaliyopokewa na Bukhari, mnyama mkongwe au mwenye kasoro hatolewi. Yaani mtoaji asionewe, na mpokeaji naye asipewe mabaki. Ikiwa mbuzi chongo anarudishwa zizini, sioni kwa nini suruali isiyo na zipu ipite. (Najua mtasema zaka ni faradhi na sadaka ni hiari. Kweli, ila hiari haikigeuzi kibovu kikawa kizima.)

Sisi wa Kampala tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine, kwa sababu tunaishi upande wa kupokea. Pale Owino, mchuuzi wa mivumba hununua belo likiwa limefungwa. Akilifungua, hukuta sehemu haiuziki. Aliyezitoa nguo hizo huko Ulaya au Marekani alikwisha kujihesabu mwema na kabati lake likapumua. Hasara ni ya mchuuzi, na kisichouzika kinakuwa taka za mji huu. Taka za mji huu zilikuwa zikimwagwa Kiteezi tangu 1996, mpaka mlima wake ulipoporomoka Agosti 2024, ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Sisemi nguo ndizo zilizoua. Nasema kitu hakitoweki kwa kutoka chumbani mwangu. Kinahamia kwa mwingine, na mara nyingi ni yule asiyeweza kukikataa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu yangu wa tafsiri. Sweta zima litatia joto, sawa, nia yangu iwe yoyote. Lakini anayepokea kilichochakaa amepewa kazi mbili: kushukuru mbele yetu, kisha kwenda kukitupa. Mimi nimebaki na chumba safi na hisia ya thawabu. Kama ningekipeleka mwenyewe kwenye pipa, ningekuwa nimesafisha tu, na hilo si jambo baya. Angalau nisingemwita mtu mwingine ashuhudie kuwa ni wema.

Kwa hiyo nimependekeza kwenye kamati kwamba mwaka huu kila nguo ije imefuliwa, vifungo vimeshonwa, na viatu vimepitia kwa fundi. Fulana zilizokwisha zisiletwe. Zikatwe matambara ya kupigia deki hosteli zetu wenyewe. Kuna waliohofia kwamba sanduku litapungua, na nadhani litapungua sana.