Mvuvi wa Baada ya Misa

Mtu anayevua kwa njaa hadaiwi maelezo. Ana watoto, ana deni la nyavu, ana wateja wanaomsubiri mwaloni. Anayedaiwa maelezo ni yule ambaye jikoni kwake unga na maharage havijakosekana, naye bado anabeba ndoano na mshipi akakae kando ya maji nusu siku. Sumbawanga watu wa namna hii tupo. Ni walimu, wauguzi, madereva wa malori ya mahindi, makarani wa halmashauri, na vijana waliotoka misa ya Jumapili wakabadili mashati. Wenye nauli huteremka hadi Kasanga, kilomita 107 kwa barabara ipitayo Matai, wakatupe ndoano Ziwa Tanganyika. Wengi huishia karibu, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe au penye kona ya mto ambapo maji hutulia.

Ukituuliza kama sisi ni watu wa mazingira, wengi tutacheka. Mazingira, tutakuambia, ni kazi ya bwana samaki, ya afisa misitu, ya mashirika yanayokuja na semina. Sisi tumekuja kupumzisha akili. Jibu hili lina unyenyekevu ndani yake, na lina tofauti kubwa na lile utakalolisikia Marekani, ambako wavuvi wa burudani hujiita walinzi wa kwanza wa mito na wana ushahidi wa kuonyesha: tangu 1950 sheria ya nchi hiyo huelekeza kodi ya vifaa vya uvuvi kwenye kazi ya kurejesha samaki na kutunza maji yao. Huku watu wanalikataa jina, kule wanalidai. Naona pande zote mbili zimejibu haraka mno. Kabla ya mtu kujua kama anayajali mazingira, anapaswa kujua anapenda nini hasa anapopenda kuvua.

Wapo wanaosema kuwa mvuvi wa burudani ana elimu ya pekee ya maji, kwa kuwa amejifunza kungoja na kutazama. Kweli, anajua mto unabadilika rangi lini baada ya mvua ya Desemba, na kambare hujificha upande gani wa magugu. Lakini mtu wa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, anayevua migebuka ili apate ada ya shule anajua zaidi. Amelala juu ya maji hayo usiku, anausoma upepo na mwezi, na akikosea anaweza kulala njaa au kuzama. Kwa elimu hatumfikii. Kinachotutofautisha naye ni uhuru: tunaweza kurudi nyumbani mikono mitupu na tusipungukiwe na kitu. Uhuru huo ndio wa kuchunguzwa, maana mtu asiyelazimishwa na tumbo huonyesha moyo wake kwa uwazi zaidi kuliko aliyelazimishwa.

Na historia ya Afrika Mashariki imeshatuonyesha moyo huo unavyoweza kwenda mrama. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyesifika kwa safari ya miguu kutoka Cape Town hadi Kairo, alileta mayai ya trauti kutoka Uskoti yakapandwa katika mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya, ili walowezi wapate mchezo waliouzoea kwao. Baadaye samaki wa jamii hiyo walifikishwa katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda zetu za juu kusini. Mwaka 1929 Ziwa Naivasha lilitiwa samaki wa Marekani mwenye mdomo mpana, kwa sababu hiyohiyo. Kisha likaja kubwa kuliko yote. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara walitiwa Ziwa Viktoria, na kati ya hoja zilizotolewa ilikuwamo ya kuwapa wavuvi wa mchezo samaki mkubwa wa kushindana naye. Wataalamu waliopinga walikuwapo, hawakusikilizwa. Furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao kila ghuba ya ziwa ilikuwa na wa kwake, walipotea kwa wingi wa kutisha; makadirio yanayotajwa mara nyingi ni aina 200. Si sangara peke yake aliyewamaliza, maana maji yenyewe yalikuwa yanachafuka, lakini mkono wake ulikuwa mzito.

Siwezi kusema kwamba watu waliowaleta samaki hao hawakupenda samaki. Walipenda sana. Walimpenda samaki anayevuta mshipi. Furu havuti, kwa hiyo hakuingia katika hesabu ya mapenzi yao, na kisichoingia katika hesabu hiyo kilikuwa kama hakipo. Hapa ndipo naona hatari iliyomo ndani ya kila mvuvi wa burudani, mimi nikiwamo. Mapenzi ya kuvua huchagua. Hutazama ziwa zima yakaona samaki wawili watatu wanaofaa, na mengine yote yakawa mandhari.

Tanganyika tuna bahati. Sangara wa huku ni wenyeji; hakuna aliyewaleta, wamekua pamoja na ziwa hili lenye kina cha mita 1,470 kwa muda ambao akili haiwezi kuushika. Wapo na samaki wadogo wa miambani, jamaa wa furu, aina zaidi ya 200, karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Baadhi yao huishi kwa kukwangua mwani juu ya mawe, kila aina na mdomo ulioumbwa kwa namna yake ya kukwangua. Mvuvi anayefika Kasanga kutafuta kuhe au sangara hana haja nao. Hawaliwi sana, hawana mchezo, ndoano yake ni kubwa kuliko vinywa vyao. Nami najiuliza: wakitoweka, atahuzunika? Nikitakiwa kutoa kipimo kimoja cha kama mvuvi ni mtu wa mazingira, nitatoa hicho. Nitamuuliza kuhusu samaki ambaye kamwe hatamvua.

Lipo suala lingine ambalo wavuvi wa burudani duniani hubishania, la kumrudisha samaki majini. Malindi na Watamu, pwani ya Kenya, sulisuli wengi hufungwa lebo na kuachiwa, na lebo hizo zimewasaidia watafiti kujua samaki hao husafiri hadi wapi. Huko wengi huona kuachia ndiyo heshima ya juu kabisa. Uswisi wameona kinyume. Kanuni zao za ulinzi wa wanyama za 2008 zinakataza kwenda kuvua kwa nia ya kumwachia samaki, na Ujerumani sheria inataka pawe na sababu ya haki kabla ya kumtia mnyama maumivu, na burudani peke yake haihesabiki kuwa sababu hiyo. Kwao, ukimvua, umle.

Mtu mzima wa Ufipa, nyanda zetu hizi za Sumbawanga, hahitaji kusoma sheria ya Uswisi ili aielewe. Mwambie kwamba unamvuta samaki kwa ndoano ya mdomoni, unampiga picha, kisha unamtupa tena majini, atakuuliza kwa nini ulimsumbua. Chakula hakichezewi. Mimi nasimama upande wake. Nimezisikia hoja za wanaoachia na najua kumrudisha jike lenye mayai, au mtoto asiyejaza kiganja, ni wajibu. Lakini kumfanya kiumbe hai chombo cha kupimia nguvu za mkono wangu, mara kumi kwa siku, kisha nijisifu kwa huruma kwa sababu sikumuua, hapo naona nimejipa cheo ambacho sina. Avuaye ili ale ana mahali pa kukomea. Akipata kitoweo cha nyumbani kwake anakunja mshipi. Yule anayevua na kuachia hana pa kukomea, maana raha haina kipimo cha sufuria.

Kuna kisingizio ambacho sisi wa ndoano moja tunakipenda, nacho ni udogo wetu. Nyavu ndizo zinazomaliza samaki, tunasema, na makokoro, na taa za dagaa zinazowaka usiku kama mji. Ndoano yangu ina kosa gani? Kwa hesabu, hatusemi uongo. Lakini tazama yaliyotokea 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ambazo tangu 2003 zina mkataba wa pamoja wa kulitunza. Miezi mitatu. Kwa familia ya mwalo wa Kasanga au Kipili hiyo ni mikopo isiyolipwa, ni watoto kutolewa shule, ni kina mama wa dagaa kutafuta biashara nyingine. Na kosa la samaki kupungua si lao lote. Mwaka huohuo wa 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba ziwa linapata joto, kwamba joto hilo linazuia maji ya chini yenye rutuba yasipande juu, na kwamba uzalishaji wa vijimea vinavyolisha ziwa zima ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Moshi uliolipasha ziwa joto haukutoka Kirando.

Sasa weka hapo mtu mwenye mshahara aliyekuja na fimbo yake ya kuvulia siku moja. Tuseme hakuna askari anayemwona na hakuna samaki atakayepungua kwa sababu yake. Je, atupe? Nasema asitupe, na sababu haihusu idadi ya samaki. Wengine wanapojizuia pamoja, kwa maumivu, kitu wanachokijenga ni ushirika, na ushirika hauvunjwi na wingi wa unachochukua, unavunjwa na kule kujitoa kwako. Mwenye kupoteza kidogo kabisa ndiye mwenye udhuru mdogo kabisa. Akitupa ndoano yake wakati nyavu za jirani zimetundikwa, amejitangaza kuwa mgeni wa ziwa, hata kama alizaliwa Matai.

Lakini samaki na ndoano bado ni sehemu ndogo ya jambo hili. Ufipa iko juu, karibu mita 1,800 pale Sumbawanga mjini, na maji yake huteremka pande mbili. Mto Kalambo unakwenda Tanganyika, ukianguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, ukuta ambao samaki wa ziwani hawawezi kuupanda. Lwiche unakwenda bondeni Rukwa, ziwa lisilo na kina na lisilo na mto unaotoka, kwa hiyo kila linachokipokea kinabaki ndani yake. Tope la shamba lililolimwa hadi ukingoni halikai shambani. Watafiti wa Tanganyika wameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba penye tope jingi miambani aina za viumbe hupungua, na ni rahisi kuona kwa nini: mwenye kuishi kwa kukwangua mwani juu ya jiwe hawezi kukwangua udongo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa kuwa eneo lisilofanyiwa shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira yake. Ndani ya mita hizo 60 ndimo tunamokaa sisi. Ndipo tunapochimba minyoo ya chambo na kuegemeza baiskeli. Mgongoni mwetu, ndani ya mita hizohizo, kuna kabichi, kuna mchicha, kuna tanuri la matofali, kuna njia ya ng'ombe iliyogeuka korongo. Tunakaa tumeyapa mgongo mambo hayo, macho yetu yakiwa kwenye mshipi. Na tusijifanye hatujui bustani hizo ni za nani. Nyingi ni za ndugu zetu, nyingine ni zetu wenyewe, zinazolipa karo na mafuta ya taa.

Wafipa hawakuanza jana kufikiria udongo. Matuta ya ntumba, ambayo nyasi hufukiwa ndani ya udongo zioze ziwe mbolea, ni ujuzi wa watu waliojua kwamba ardhi hulishwa kabla haijalisha. Sitaki kusema wazee walikuwa malaika. Walikuwa pia wahunzi mashuhuri, na zile tanuru ndefu za kuyeyushia chuma zilikula makaa ya miti mingi. Walikata na walitunza, kama sisi. Tofauti ni kwamba aliyefukia nyasi aliifanya kazi hiyo shambani kwake, kwa jasho lake, na wala hakutafuta jina la kuiita.

Kwa hiyo sitamwambia mwenzangu wa ndoano ajiite mwanamazingira, wala sitamkataza. Namdai kitu kingine. Serikali ya kijiji huitisha mikutano, na mara kwa mara hoja ya kingo za mto huletwa na afisa kutoka wilayani, ikasikilizwa kwa adabu na kufa palepale, kwa kuwa hakuna mwenyeji aliyeibeba. Mwenyeji anayeweza kuibeba ni mtu anayekijua kila kipande cha ukingo huo, anayeweza kusema mwaka gani kisima cha samaki kilijaa mchanga na mvua ipi ilikijaza, tena mtu ambaye chakula chake hakitegemei kabichi za pale. Asimame siku hiyo ya mkutano, bila fimbo, aseme mbele ya shemeji yake mwenyewe kwamba bustani isogezwe juu, na kwamba yeye atashika jembe kumsaidia kuihamisha.