Mbegu Isiyofukiwa

Katika Mathayo sura ya 25 yumo mtumwa aliyepewa talanta moja, akachimba shimo na kuifukia. Hakuiiba wala hakuifuja. Bwana wake aliporudi aliikuta nzima, na bado mtumwa yule alihukumiwa. Aliogopa, basi akaificha.

Shimo lile hunijia akilini kila nionapo ua moja dogo la zambarau ambalo kwao ni misitu ya Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake ua hilo Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa Hannover, akaliita Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, huko ambako likilala nje usiku mmoja wa baridi kali linakufa. Madukani linauzwa, ndiyo, lakini wanaolipenda hasa hupeana: huyu anatoa mbegu, yule anatoa jani.

Mbegu yake ni laini kama vumbi, na mpanzi haifukii. Huinyunyiza juu ya udongo mwepesi wenye unyevu, akafunika chombo kwa kioo au plastiki, kisha akakiweka penye joto na mwanga, mbali na jua kali. Mbegu hii huhitaji mwanga ili iote. Anayeifunika kwa udongo akidhani anailinda, huenda asione kitu. Hata ikiota, ni miezi kadhaa ya kusubiri kabla ya ua la kwanza.

Jani nalo lina habari yake. Chomeka jani pamoja na kikonyo chake udongoni, nalo litatoa miche inayofanana na mama yake. Mbegu haitoi ahadi hiyo. Mtoto aweza kuja na rangi nyingine kabisa. Naona sisi waumini tu wepesi wa kutoa majani kuliko mbegu. Mwalimu wa kwaya anamlea kijana, ila anataka aimbishe vilevile kama yeye. Mzee anamkabidhi mwanawe shamba huku akimchagulia cha kupanda. Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba yeye alikuwa mpanzi tu na Apolo mnyweshaji. Kukua kwenyewe kulikuwa kazi ya Mungu.

Tena anayetoa hapotezi. Wanaootesha mimea isiyovumilia baridi wanalijua hili: mmea wako ukifa, uliyempa mbegu ndiye atakayekurudishia. Aliyenyima watu wote hana pa kuomba.

Lakini lipo linaloniuma. Ua hili limeenea duniani, na huku kwao linapungua, kwa sababu miti inayolipa kivuli inakatwa. Wageni wamelitunza kuliko sisi wenyeji.

Basi Jumapili ijayo, kila mwenye mbegu nyumbani, iwe ya ua, ya mchicha au ya mti wa matunda, aifunge kwenye karatasi, aandike jina la mmea, aje ampe mwenzake baada ya ibada. Asimwekee masharti. Nanyi mnaokaa kandokando ya misitu ya Usambara, mkiliona ua hili mwambani, msiling'oe, na mti unaolitia kivuli msiukate.