Saa ya Mkono na Thamani ya Mwenye Kuivaa

Saa ni chombo chenye kazi moja, nayo ni kumjulisha mwenye nayo wakati. Kwa hivyo lililo la haki kuulizwa juu ya saa ni hili: je, yasema kweli? Lakini katika miji yetu ya pwani, mtu aonapo saa mkononi mwa mwenziwe, suala la kwanza limtokalo silo hilo. Huuliza: ni ya wapi, na ni ya kiasi gani? Kisha kwa jibu alipatalo humpa mwenye saa daraja yake, akamwita huyu mtu, na yule akamwona si kitu. Sisi twaona kuwa jambo hili, japokuwa kwa dhahiri ni dogo, lina ndani yake suala kubwa la akhlaki: je, kitu akivaacho mtu chaweza kuwa shahidi wa thamani yake? Na kabla ya kulijibu twapenda kutazama khabari ya saa zenyewe, kwani ina mafunzo mengi kwa mwenye kuzingatia.

Zamani saa ya mwanamume ilikuwa ni ya mfukoni, nayo imefungwa mkufu. Saa ya mkononi ilikuwa ni pambo la wanawake, na mwanamume aliyeivaa huko Ulaya alichekwa. Yaliyolibadilisha jambo hilo ni Vita Vikuu vya Kwanza vya 1914 hadi 1918. Askari aliye handakini, mkono mmoja umeshika bunduki, hakuwa na nafasi ya kupapasa mfuko ili ajue saa, na huku ameamrishwa kushambulia kwa dakika maalumu. Wakazifunga saa mkononi, na vita vilipokwisha hawakuzivua. Basi zingatia, ndugu msomaji: saa haikubadilika kitu kwa kutoka mfukoni kwenda mkononi. Kilichobadilika ni macho ya watu. La aibu la jana likawa la fahari leo, na mwenye kuyafuata macho ya watu hana pa kusimama.

Saa za wakati huo ziliendeshwa kwa kamani, na mwenyewe alikuwa hana budi kuzitia ufunguo. Ilimu iliyokuja kuzipindua ilikuwa imekwisha kupatikana kitambo. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kuwa mawe ya namna fulani, na kwatzi ni moja katika hayo, yakibanwa hutoa umeme. Na baadaye ikajulikana kuwa yakipitishiwa umeme hutetemeka. Mwaka 1927 Warren Marrison huko Marekani akaunda saa iendeshwayo kwa mtetemo huo. Lakini saa za kwanza za namna hiyo zilikuwa kubwa, hazivaliki. Ilipita miaka zaidi ya 40 kabla ya kampuni ya Seiko ya Japani kutoa saa ya mkono ya kwatzi ya kwanza kuuzwa madukani, tarehe 25 Desemba 1969. Bei yake ilikuwa yen 450,000, kiasi cha kununulia motokaa ndogo.

Ajabu ya jiwe hilo ni uaminifu wake. Katika saa nyingi za leo hutetemeka mara 32,768 katika kila sekunde. Hesabu hiyo imechaguliwa kwa makusudi, kwani ukiigawa kwa mbili mara 15 hubakia moja kamili, na moja hiyo ndiyo sekunde. Chombo kidogo kilichomo ndani ya saa hakina kazi kubwa kuliko kugawa kwa mbili, usiku na mchana, bila ya kuchoka.

Mwaka 1972 ikaja saa isiyokuwa na akrabu, iandikayo wakati kwa tarakimu. Iliitwa Pulsar, ikatolewa na kampuni ya Hamilton ya Marekani, bweta lake la dhahabu, na bei yake dola 2,100. Taa zake nyekundu zilikula betri mno, hata mwenyewe akitaka kujua saa ilimlazimu abonyeze kidude. Matajiri wakaigombania. Lakini mwaka 1976 kampuni ya Texas Instruments ikauza saa ya tarakimu yenye bweta la plastiki kwa dola 20, na haukupita muda mrefu ikashuka hadi dola 10. Yaani katika miaka minne bei ilishuka hata isifike sehemu moja katika mia. Aliyeinunua ile ya kwanza kwa ajili ya kujua wakati hakupoteza kitu, kwani wakati aliujua. Ama aliyeinunua ili watu wamtazame, aliamka asubuhi akaiona fahari yake mkononi mwa kila mtu.

Mapinduzi hayo hayakukosa wa kuumia. Uswisi, nchi iliyokuwa bingwa wa saa za kamani, ilikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hawakubakia ila kiasi cha thuluthi yao. Mafundi waliorithi kazi kwa baba na babu walikuta ustadi wao hautakiwi. Hili nalo ni la kukumbukwa na kila anayefurahia urahisi wa bei: nyuma yake pana mtu aliyefunga duka lake.

Katika saa za tarakimu zikatoka saa za michezo, nazo ndizo zilizoenea zaidi mikononi mwa watu wa kawaida. Mtumishi mmoja wa kampuni ya Casio ya Japani, Kikuo Ibe, alivunjikiwa na saa aliyopewa na babake, naye akajiwekea nia ya kuunda saa isiyovunjika. Alivunja zaidi ya saa 200 za majaribio kabla ya kufaulu, na mwaka 1983 ikatoka saa iitwayo G-Shock, ambayo moyo wake umewekwa ndani ya bweta mfano wa kitu kilichoelea, ili kishindo cha nje kisiufikie. Mwaka 1986 kampuni ya Timex ya Marekani ikatoa saa ya wanamichezo iitwayo Ironman. Na mwaka 1989 Casio wakatoa saa nyepesi ya plastiki, uzito wake gramu 21, jina lake F-91W. Saa hii ina kengele, ina tarehe, ina taa, na yaweza kupima mbio hata sehemu ya mia ya sekunde. Betri yake moja hukaa kiasi cha miaka saba. Yauzwa mpaka leo duniani kote, na bei yake haimshindi kibarua.

Ili kuijua neema hii, na tukumbuke kuwa Paavo Nurmi wa Finland, aliyeshinda mbio za mita 1,500 na za mita 5,000 kwa siku moja katika Olimpiki ya Paris ya 1924, alikuwa mashuhuri kwa kukimbia na saa mkononi, akiitazama kila mzunguko. Alilolihitaji bingwa huyo kulishika kwa vidole, leo kijana wa skuli amelifunga kwa ukanda wa mpira. Na thamani ya sekunde twaijua vyema sisi watu wa Kenya. Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, aliivunja rekodi ya Eliud Kipchoge kwa sekunde 34 tu. Hizo ni sekunde ambazo mmoja wetu huzipoteza akitafuta viatu vyake mlangoni.

Sasa turudi kwenye suala letu, na tulipime kwa hesabu. Saa bora ya kamani, iliyojaribiwa huko Uswisi ikapewa hati ya usahihi, huruhusiwa kukimbia hata sekunde sita kwa siku, na kwa mwezi hizo ni dakika tatu. Ile saa ya plastiki, kwa ahadi ya waliyoiunda, haikosei zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Ya kwanza bei yake yaweza kufika kiwanja cha kujengea nyumba; ya pili ni bei ya samaki wa chakula cha siku chache. Na iliyo rahisi ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli! Basi aliyetoa fedha nyingi kununua ile ya ghali alinunua nini? Wakati hakuununua, kwani wakati wapatikana kwa rahisi na kwa usahihi zaidi. Alinunua kitu kingine, na lililo wajibu kwake ni kukijua kitu hicho kwa jina lake.

Atasema msemaji: “Je, ustadi wa fundi si kitu? Na saa ya marehemu baba, ambayo mwana huivaa kwa kumkumbuka, nayo ni fahari?” Twajibu: la. Kazi nzuri ya mkono wa binadamu yastahiki heshima, na kumbukumbu ya mzazi haina bei. Mwenye uwezo akanunua chombo kizuri bila ya kupoteza haki ya mtu, hatuna la kumlaumu, maadamu hakuvuka mpaka. Ama dhahabu kwa wanaume, hukumu yake yajulikana. Makosa huanza pale mwenye saa anapoitakidi kuwa bei yake imemwongezea kitu yeye mwenyewe, na makosa hukua pale watu wa mji wanapoitakidi hivyo pamoja naye. Mwenye duka akampa deni kwa sababu ya mkono wake unaomeremeta, na kibarua mwaminifu akanyimwa. Mchumba akakubaliwa kwa saa, na mwenye tabia njema akarudishwa.

Na madhali mji umekwisha kuwapima watu kwa saa, hutokea wa kuughushi mzani. Ndipo tunapoziona saa bandia, zimeandikwa jina la kampuni kubwa, nazo hazikutoka huko. Mwenye kuivaa saa hiyo hali ajua, akitaraji watu wadhani ni ya kweli, amejifunga uwongo mkononi, na hakuna mtu ausikiaye uwongo huo mara nyingi zaidi kuliko yeye mwenyewe. Mwenye saa ya plastiki yenye jina lake la haki ni mbora kuliko huyo, kwani yake yasema kweli mara mbili: yasema kweli juu ya wakati, na yasema kweli juu ya mwenyewe.

Pana upande wa pili wa kosa hili, nao ni mchungu zaidi. Mtu akiweza kutukuzwa kwa saa yake, kadhalika aweza kudhulumiwa kwa saa yake. Mwezi wa Aprili 2011 hayakuwa mashaka tena, bali yalidhihirika kwa maandishi: mwezi huo magazeti yalitangaza nyaraka za siri za gereza la Marekani la Guantanamo, na ndani yake ikaonekana kuwa ile F-91W, saa ya rahisi kuliko zote, ilihesabiwa kuwa ni alama ya kumshuku mtu. Sababu yao ni kuwa watu wa vita waliwahi kuitumia saa hiyo katika kutegea mabomu. Faili za wafungwa kadha wa kadha ziliitaja saa hiyo miongoni mwa mambo ya kuwatilia shaka. Hatusemi kuwa kila mfungwa alishikwa kwa saa peke yake. Lakini saa iliyouzwa kwa mamilioni, iliyovaliwa na mwanafunzi, na mvuvi, na askari wa nchi hiyo hiyo ya Marekani, itamshuhudia nini mtu mmoja? Ikiwa ushahidi wa kitu ni sawa juu ya mwema na juu ya mwovu, basi huo si ushahidi.

Huenda msomaji akakasirika kwa dhuluma hiyo, na ni haki yake. Lakini na ajiulize baada ya hasira: sisi tunaomvua mtu heshima yake barazani kwa sababu saa yake ni ya plastiki, kwani hukumu yetu imetoka shina gani? Wale walitazama mkono wakasema, “Huyu ni adui.” Sisi twatazama mkono twasema, “Huyu si mtu.” Madhara ya kwanza ni makubwa zaidi, ila njia ya kuhukumu ni ile ile moja: kuacha kumchunguza mtu kwa matendo yake, na kutosheka na kilichofungwa juu ya ngozi yake.

Basi ikiwa bei si shahidi, kipi kilicho shahidi? Twasema: ni vile mwenye saa anavyoutumia ule wakati alioambiwa. Hapa ndipo tunapopata aibu yetu. Hapajakuwa na zama ambazo watu wa pwani walikuwa na saa nyingi na sahihi kama hizi. Zimo mikononi na zimo katika simu. Na bado kadi ya harusi huandika saa mbili, na watu hukusanyika saa nne. Fundi huahidi kesho, na kesho yake haina tarehe. Mwenye kuwekesha wenziwe nusu saa, wao wakiwa kumi, amechukua saa tano za umri wa watu bila ya ruhusa yao. Lau angalichukua shilingi tano tano mifukoni mwao, tungalimwita mwizi.

Tumezowea kusema kuwa saa “imetuchelewesha.” Saa haimcheleweshi mtu. Tazama jinsi sisi Waswahili tunavyoisoma saa ya tarakimu: yaandika 7:00, nasi twasema ni saa moja; yaandika 12:00, twasema ni saa sita. Hakuna adhaniye kuwa chombo kimesema uwongo, kwani kila mmoja ajua kuwa hesabu ya mwisho hufanywa na yeye mwenyewe. Hata ile F-91W, kwa usahihi wake wote, haikuumbwa kuujua mwaka. Kila Februari kwake ni ya siku 28, na katika mwaka wa siku 366 mwenyewe hana budi kuisahihisha kwa mkono wake. Chombo hufanya sehemu yake, na sehemu iliyobaki ni ya mtu.

Kwa hivyo nasaha yetu ni hii. Anayetaka saa na anunue itakayomwambia kweli kwa bei asiyohitaji kukopa. Aliye na ya ghali na aivae bila ya kujivuna, na aliye na ya rahisi na aivae bila ya kuificha chini ya mkono wa kanzu. Na tukitaka kujua thamani ya mtu, tusimtazame mkono. Tumpe ahadi ya saa kumi, kisha tungoje tuone atafika saa ngapi. Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote katika kuuhifadhi wakati, kwani hiyo ndiyo rasilimali ambayo tajiri na maskini wamepewa kwa kipimo kimoja, na kila mmoja ataulizwa aliitumia katika nini.